Kabla ya formula, uliza kwanza: nani anaendesha ioni (chembe zenye chaji zilizo ndani ya maji ya chumvi), batri ao pompi?

Wenzangu mnaofundisha fizikia sekondari, hapa Lubumbashi ao kwingine, kuna swali moja wanafunzi wangu wanaliuliza karibu kila mwaka. Tumewaambia sumaku inasukuma chaji ya plasi huku na ya minasi kule, sasa mbona maji ya chumvi yote yanazunguka upande mmoja? Ni swali zuri sana, msilizime.

Waonyeshe kwa macho. Chukua kisahani cha plastiki, zungushia ndani ukingoni waya wa kuprivre uliomenywa, simamisha katikati kipande cha mkaa wa kalamu, mimina maji ya chumvi, weka sumaku chini, funga batri ya volti 9, ukingo kwenye minasi na katikati kwenye plasi. Nyunyiza vumbi ya mbao kidogo. Inaanza kuzunguka polepole halafu inakolea, na darasa zima linasimama! Geuza sumaku, inarudi nyuma. Geuza batri pia, inarudi vile ilivyokuwa mwanzo. Sumaku isiwe ile ya bafle yenye tundu, juu ya tundu uga (nguvu ya sumaku mahali hapo) unageuka na mambo yanachanganyika bure. Na fungua madirisha, ile harufu kama ya javeli ni klorini, dakika chache zinatosha.

Sasa jibu. Hapa batri ndiyo inaendesha, kwa hiyo ioni za plasi zinaenda ukingoni na za minasi zinakuja katikati. Chaji ni kinyume, mwendo nao ni kinyume, kinyume mara mbili kinafutana, njo maana zote zinasukumwa upande uleule na zinayavuta maji pamoja nazo. Kila ioni inatembea kama sehemu ya 100 tu ya milimita kwa sekunde, lakini ziko nyingi mno.

Pompi ikiendesha, hesabu inabadilika kabisa. Maji yanabeba plasi na minasi njia moja, basi sumaku inazitenganisha, hizi ukuta huu, zile ukuta wa pili, na volti inatokea kati ya kuta hizo mbili. Faraday aliitafuta volti hiyo mwaka 1832 kwenye mto Thames, London, kwa kutumia sumaku ya dunia yenyewe, hakupata jibu la wazi. Leo mita za kupimia mwendo wa maji viwandani zinafanya kazi hivyo: volti ni uga zidisha upana wa tiyo zidisha mwendo. Uga wa tesla 0,01 (tesla ni kipimo cha uga), tiyo ya sentimita 10, mwendo wa mita 2 kwa sekunde, unapata milivolti 2.

Ni kidogo, lakini kwenye asidi yenye kuprivre ya viwanda vyetu inasomeka vizuri juu umeme unapita ndani yake. Kwenye mazutu haisomi kitu. Mwanafunzi akienda staji kiwandani, mwambie aangalie kwanza kama tiyo imejaa na kama waya wa kwenda ardhini umefungwa, kabla hajasema mita imekufa.