Jaribio la SQL linapita leo, kesho linafeli
Ndugu, kama jaribio lilelile la SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) linapita leo na kesho linafeli bila mtu kugusa msimbo, angalia kwanza ORDER BY, sehemu inayopanga mistari ya matokeo. Isipokuwepo, SQL haikuahidi mpangilio wowote. Hifadhidata ya PostgreSQL inaweza kukurudishia mistari ileile ikiwa imepishana baada ya UPDATE (amri ya kubadili data) moja tu. Ila usichomeke ORDER BY kwenye hoja (query) yenyewe ili kuridhisha jaribio! Panga matokeo upande wa jaribio kabla ya kulinganisha. Sqllogictest, zana ya majaribio ya watu wa hifadhidata ya SQLite, ina chaguo la rowsort kwa kazi hiyohiyo. Halafu chunguza NULL, yaani thamani isiyojulikana: NULL = NULL haitoi kweli, inatoa NULL, na WHERE, kichujio cha mistari, inautupa mstari huo kimyakimya. Hapo, badala ya =, weka IS NOT DISTINCT FROM, inayohesabu NULL mbili kuwa sawa.