Umakini Unaopotea Katika Mzunguko wa Tatu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkimbiaji wa mita 1,500 hapa Kapchorwa. Kila nifikapo mzunguko wa tatu, mawazo yangu huhamia kwa watazamaji na kwa nafasi nitakayoshika, na papo hapo wenzangu hunipita. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, mzunguko huo huwasumbua wengi, kwa kuwa uchovu umekwisha kuingia ilhali mwisho bado uko mbali, na akili iliyochoka hukimbilia matokeo badala ya kazi iliyo mbele yake. Usijilazimishe kutofikiri, maana wazo linalofukuzwa hurudi. Zipe fikra zako jambo moja dogo la kushika, kama vile mgongo wa aliyekutangulia au mwendo wa mikono yako, na kila unapogundua kwamba umepotea, rejea hapo bila kujilaumu. Lizoee hilo mazoezini ukiwa umechoka, kwani mbinu isiyojaribiwa katika uchovu haitakufaa siku ya mashindano.

Hata hivyo, si kila kupitwa ni kukosa umakini. Joshua Cheptegei, mkimbiaji wa masafa marefu wa Uganda, aliongoza mbio za nyika za dunia jijini Kampala mwaka 2017, akaishiwa nguvu katika mzunguko wa mwisho na kumaliza wa 30. Kwa maoni yangu tatizo lilikuwa kasi, wala si moyo, na mwaka 2020 mtu huyohuyo alivunja rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000. Basi mwombe kocha akupimie muda wa kila mzunguko, na ukiona wa kwanza una kasi kupita kiasi, anza kurekebisha hapo.