Barua kwa mwanangu: Miaka yote hiyo chuo cha famasia, ya nini?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako umenifikia, nami nimefurahi kwamba unayawaza haya kabla ya kujaza fomu. Umeniuliza: chuo cha famasia kinafundisha nini hasa hata kichukue miaka yote hiyo, ikiwa mwisho wake mtu anasimama kaunta kuhesabu vidonge? Kazi hii nimeifanya tangu ujana wangu, na swali lako linanigusa. Acha nikujibu.

Miaka yenyewe hutofautiana. Uingereza mwanafunzi husoma miaka 4 hadi shahada ya uzamili, kisha hufanya mwaka mmoja wa mafunzo kazini chini ya usimamizi na mtihani wa usajili. Marekani shahada ya udaktari wa famasia kwa kawaida ni miaka 4, baada ya angalau miaka 2 ya masomo ya awali. Kwingineko kuna shahada ya kwanza ya miaka 4 au 5. Usitegemee kwamba cheti cha chuo peke yake kitakupa leseni.

Mwaka wa kwanza utakuchosha, maana dawa zenyewe utaziona kwa mbali tu. Utasoma kemia ogani, biolojia ya seli, fiziolojia na hesabu nyingi. Wanafunzi wengi huyasoma haya ili wafaulu tu na kuyasahau, nami huwaonea huruma, kwa kuwa yatawarudia baadaye. Mgonjwa aliyemeza aspirini kupita kiasi, kwa mfano, huweza kupewa bikaboneti ya sodiamu kwenye mshipa. Kwa nini? Mkojo unapopungua asidi, salisileti, yaani kile aspirini inachogeuka kuwa mwilini, hubaki humo bila kufyonzwa tena na figo, ikatoka mwilini. Hiyo ni kemia ya asidi na besi ya mwaka wa kwanza, na ndiyo inayomwokoa mtu.

Kisha linakuja somo ninalolipenda kuliko yote, la namna dawa inavyotengenezwa. Watu hudhani kidonge ni dawa tupu. Mara nyingi sehemu kubwa yake ni vitu vingine: vya kushikanisha unga, vya kukifanya kipasuke tumboni, na vya kukifunika ili kisiyeyuke kabla ya kufika utumbo mwembamba. Ndiyo maana vidonge vilivyoundwa kutoa dawa polepole havisagwi, kwani ukivisaga, dozi ya siku nzima inaweza kuingia mwilini kwa mkupuo.

Soma habari za mwaka 1937 huko Marekani. Dawa iitwayo sulfanilamidi ilikuwa ikitumika kutibu maambukizi ya bakteria, na kampuni moja ikataka kuiuza ikiwa ya maji. Mkemia wake akaiyeyusha katika diethilini glikoli, ikatiwa ladha tamu, ikapelekwa sokoni bila kujaribiwa usalama wake. Kiyeyushi hicho ni sumu inayoua figo. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi, na mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa ili dawa mpya ithibitishwe usalama wake kabla ya kuuzwa. Ungedhani jambo hilo limekwisha. Lakini Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa za kikohozi za watoto zilizokutwa Gambia zikiwa na sumu hiyo hiyo. Kila ninapolikumbuka, hasira hunipanda, kwa sababu kipimo cha kuigundua kinajulikana na ni kazi ya mfamasia wa kiwandani kuhakikisha kimefanyika.

Katikati ya masomo utakutana na famakodinamiki, yaani dawa inaufanyia nini mwili, na famakokinetiki, yaani mwili unaifanyia nini dawa. Hapa ndipo wanaotegemea kukariri hukwama. Chukua digoksini, dawa ya moyo yenye asili yake katika mmea wa jamii moja na ule ambao daktari William Withering aliandika habari zake mwaka 1785. Kwa mtu mwenye figo nzima, nusu ya dawa hiyo huondoka mwilini kwa takriban siku moja na nusu hadi mbili. Figo zikidhoofika, muda huo hurefuka sana, na dozi iliyomfaa jana itajilundika mpaka imdhuru. Tofauti kati ya kiasi kinachotibu na kinachodhuru ni ndogo mno. Utafundishwa kuikokotoa kwa kila mgonjwa, kwa umri, uzito na hali ya figo zake.

Kuna pia dawa za mimea, mikrobiolojia, sheria na maadili ya kazi. Utayaona ukifika.

Miaka ya mwisho ni ya wodini na katika maduka ya dawa, na hapo ndipo lilipo jibu la kaunta yako. Methotreksati katika ugonjwa wa baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki. Cheti cha daktari kikiandikwa kwa haraka "kila siku", mgonjwa akafuata, uboho wa mifupa yake utashindwa kutengeneza damu, na watu wamekufa hivyo. Mfamasia aliyefundwa vizuri hushtuka, humpigia daktari simu, tena humuuliza mgonjwa anatumia nini kingine, kwa sababu hata trimethoprimu, antibiotiki ya kawaida kabisa, huzidisha hatari ya dawa hiyo. Anayemtazama kwa nje atasema alikuwa anahesabu vidonge.

Wenzako wengine wataishia viwandani, kwenye mamlaka za udhibiti au katika utafiti, nako kuna kazi nzuri. Mimi ningependa uanze karibu na wagonjwa, ila uamuzi ni wako.

Sasa, kabla ya kuchagua chuo, usivutiwe na majengo. Hakikisha kwanza kwamba programu yake inatambuliwa na baraza la famasia la nchi utakayotaka kufanyia kazi. Uliza mwanafunzi hukaa wiki ngapi wodini, na kama walimu wa huko bado wanahudumia wagonjwa. Uliza kama maabara ya kutengeneza dawa inatumika au imefungwa kwa kukosa vifaa. Ikiwezekana, zungumza na wanafunzi wa mwaka wa mwisho bila mwalimu kuwepo. Ukishapata mitaala ya vyuo viwili au vitatu, nitumie nami niisome, kisha tupigiane simu.

Wako akupendaye,
Mama