Mwaka wa kwanza wa saikolojia: mmeuliza, tunajibu

Habari za kazi. Mwanangu kamaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), na anataka saikolojia. Hapa kijijini wengine wanasema anakwenda kuwa daktari wa vichaa, wengine atajua kusoma mawazo ya watu. Lipi la kweli? (Mzazi, Urambo)

Njema, mzee wetu. Yote mawili si kweli. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili huanza na udaktari wa binadamu miaka 5, mafunzo kwa vitendo mwaka 1, kisha ubingwa miaka 3. Njia hiyo inadai Fizikia, Kemia na Baiolojia, kwa hiyo HGL haimpitishi. Saikolojia ni shahada ya miaka 3 kuhusu tabia, kumbukumbu, hisia na makuzi, na mhitimu wake haandiki dawa. Akitaka kutibu kwa mazungumzo, ataongeza shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, kama ile ya Muhimbili.

Kabla hajaomba, asome jina lote la programu kwenye mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kuna saikolojia inayosimama peke yake na kuna shahada ya elimu katika saikolojia. Majina yanakaribiana, lakini masomo na kazi za baadaye hutofautiana, na wapo wanaogundua hilo wakiwa wameshalipa ada.

Hesabu kidato cha nne nilipata D. Nasikia kuna takwimu. Nitapona? (Binti, Ujiji)

Utapona, mradi usiikimbie. Takwimu za mwanzo ni kujumlisha, kutoa, kugawanya na kipeuo cha pili. Chukua wanafunzi 5 waliolala kwa muda wa saa 4, 6, 7, 8 na 10. Jumla ni 35, wastani 7. Toa wastani kwa kila namba: −3, −1, 0, 1, 3. Ukizijumlisha zilivyo unapata sifuri, ndiyo maana tunazipandisha kipeo cha pili kwanza: 9, 1, 0, 1, 9, jumla 20. Gawa kwa 4, unapata 5. Kipeuo chake cha pili ni kama 2.24. Huo ndio mchepuko sanifu, yaani kwa kawaida watu hawa wanatofautiana na wastani kwa saa mbili na ushee.

Wengi wanaangukia sehemu mbili. Ya kwanza, wanagawa kwa 5 badala ya 4. Ukiwa na sampuli tu, si watu wote unaotaka kuwazungumzia, unagawa kwa idadi pungufu ya moja, kwa sababu wastani umeutoa kwenye namba hizo hizo na tofauti zinaonekana ndogo kuliko zilivyo. Ya pili, wanasahau kipeuo na kuandika 5. Hiyo ni "saa za mraba", kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukilala. Fanya mfano mmoja kwa mkono kila siku kwa wiki mbili kabla ya kugusa kikokotoo.

Mwalimu kasema "uhusiano si sababu". Nipeni mfano wa huku kwetu. (Mwanafunzi, Kigoma mjini)

Nenda Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi wa dagaa. Usiku ambao watoto wanacheza nje mpaka saa nne, asubuhi yake dagaa ni haba. Usiku ambao watoto wamelala mapema, dagaa ni wengi. Je, kelele za watoto zinafukuza dagaa? Mvuvi atakucheka. Ni mbalamwezi: inawatoa watoto nje, na huko ziwani inaififisha taa ya mvuvi, dagaa hawakusanyiki. Kitu cha tatu kinavuta vyote viwili. Kwenye mtihani, kila ukiona mambo mawili yanapanda na kushuka pamoja, tafuta mwezi uko wapi.

Nasoma notsi mara tatu, nazielewa kabisa, mtihani ukija kichwa kitupu. (Isevya, Tabora)

Hilo lenyewe ni somo la saikolojia. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi kifungu wakisome. Kisha wengine walikirudia kukisoma, wengine wakafunga na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: 42 kwa 56. Kusoma tena kunakupa hali ya kuzoea maandishi, nawe unadhani ndiyo kuyajua.

Basi soma kurasa 4 au 5, funga daftari, andika kwenye karatasi tupu kila unachokumbuka kwa dakika 10. Fungua, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Rudia kesho, halafu baada ya siku 3, halafu baada ya wiki. Mara ya kwanza utaandika mistari sita na kukata tamaa. Endelea tu.

Kompyuta mpakato ni lazima? (Nzega)

Muhula wa kwanza, hapana. Kikokotoo cha kisayansi ndiyo. Ukija kuipata, weka jamovi, programu ya takwimu ya bure.

Nimemaliza mwaka wa kwanza. Majirani wananiletea matatizo yao niwashauri. Nifanyeje? (Kasulu)

Sikiliza, ndugu yetu, lakini usimpe mtu jina la ugonjwa. Ulichosoma mpaka sasa ni nadharia na vipimo. Hujasimamiwa na mtu ukiwa na mteja hata mmoja. Aliyekuambia siri, usiipeleke hata kwa mama yako. Tatizo likiwa limepita wiki mbili na mtu halali, hali, haendi kazini, msindikize kituo cha afya. Akitamka kujidhuru, usimwache peke yake wala usiahidi kunyamaza: mwite ndugu anayemwamini, ondoeni dawa na sumu za shambani karibu naye, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Kwa Kigoma hospitali ya rufaa ya mkoa ni Maweni, kwa Tabora ni Kitete. Akiwa mtoto anayefanyiwa ukatili, piga 116, ni bure.