Kibofu kinauma, vipimo havionyeshi kitu

Swali: Daktari, nimemeza dozi tano za U.T.I. Kila mkojo ukioteshwa maabara naambiwa hakuna vijidudu, lakini chini ya kitovu kunawaka moto. Nimeze ya sita?

Jibu: Hapana, dada yangu. Kama hakuna vijidudu, antibayotiki itaua nini? Maumivu yanayozidi kibofu kinapojaa na kupoa kidogo ukishakojoa, yakipita wiki 6 bila sababu nyingine kuonekana, tunayaita maumivu sugu ya kibofu. Hakuna kipimo kimoja cha kuyathibitisha, ndiyo maana wagonjwa wengi huzungushwa miaka wakiambiwa ni mawazo tu. Si mawazo. Omba rufaa kwa bingwa wa njia ya mkojo. Ukiona damu kwenye mkojo, usingoje hata wiki. Bingwa anaweza kuchungulia kibofu kwa kamera nyembamba. Wachache hukutwa na vidonda vya Hunner, vyenye jina la daktari wa Marekani aliyeviandika mwaka 1915. Hivyo huchomwa au kudungwa dawa ya steroidi, na nafuu yake mara nyingi ni kubwa.

Swali: Nimepunguza maji ili nisiende chooni kila mara. Ni sawa?

Jibu: Sikulaumu, ila mkojo mzito huwasha zaidi. Kunywa kidogo kidogo mchana kutwa, upunguze jioni. Cha kushuku ni kahawa, chai, soda, pombe, malimau, nyanya na pilipili. Usiviage vyote maisha! Viache wiki chache, kisha rudisha kimoja kimoja huku ukiandika kwenye daftari ulichokula na jinsi ulivyolala. Yupo anayekula nyanya bila shida lakini kikombe kimoja cha kahawa humkesha.

Swali: Mke wangu ana hali hiyo. Alishauriwa afanye mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, sasa anaumia zaidi.

Jibu: Ayaache. Kwa wengi misuli hiyo tayari imekakamaa. Inahitaji kulegezwa, na mtaalamu wa fiziotherapia aliyesomea nyonga ndiye wa kumwona. Chupa ya maji ya moto tumboni nayo husaidia. Na wewe, ndugu yangu: tendo la ndoa linaweza kumuuma kwelikweli, usidhani anakukwepa. Hali hii haiambukizi.

Swali: Ipo dawa ya kuumaliza?

Jibu: Ya kuumaliza, bado. Za kutuliza zipo. Amitriptilini huanza kwa dozi ndogo usiku, mara nyingi miligramu 10. Ukisoma kwenye karatasi yake kwamba ni ya sonona usikasirike, hapa kazi yake ni kupoza neva. Vidonge vya pentosani huwafaa baadhi, lakini vikitumika miaka mingi vinaweza kudhuru retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, kwa hiyo pima macho kabla ya kuanza. Wengine huingiziwa dawa kibofuni kwa mrija. Na anayetumia ketamini, dawa ya nusukaputi, kwa starehe amwambie daktari wake ukweli mapema, maana hiyo nayo hula kibofu, na asipoiacha hakuna tiba hapa itakayomsaidia.