Tiketi mbili za bei nafuu: begi langu litafika Istanbul?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nauza nguo Kariakoo na mwezi ujao naenda Istanbul kufuata mzigo. Kijana anayeuza tiketi kwa WhatsApp amenipatia njia rahisi: Dar hadi Dubai kwa ndege ya bei nafuu, kisha Dubai hadi Istanbul kwa shirika jingine la bei nafuu, kwenda na kurudi. Nimeokoa kama dola 180. Dubai nina saa nne na nusu kati ya ndege na ndege. Pasipoti yangu ni ya Tanzania, viza ya Uturuki ninayo, na nitakuwa na begi la kilo 20. Je, muda huo unatosha? Na begi nikiliacha kaunta ya Dar, nitalikuta Istanbul? Yeye anasema nimwambie tu mhudumu alitagi hadi mwisho, yaani alibandike lebo ya Istanbul.

Jibu: Dada yangu, suala la saa tuliweke kando. Hata ungekuwa na saa kumi na mbili pale Dubai jibu langu lisingebadilika, kwa sababu hapo huunganishi ndege. Una safari mbili zisizojuana. Kwa shirika la kwanza wewe ni abiria wa Dubai, basi. Begi lako litatagiwa Dubai, litatoka kwenye mkanda wa Dubai, na mkanda huo uko ng'ambo ya dirisha la uhamiaji. Ili ulifikie lazima uingie nchini, na Mtanzania haingii Falme za Kiarabu bila viza aliyoipata kabla ya kusafiri. Ya Uturuki umeniambia unayo. Hii nyingine hukuitaja, na nahofia hakuna aliyekuambia kwamba inahitajika.

Kwa hiyo utakwama kabla hata ya kufika Dubai, hapa hapa Terminal 3 ya Dar. Mhudumu ataangalia tiketi iliyo mbele yake, ataona safari inaishia Dubai, ataomba viza. Usimlaumu. Shirika likimbeba mtu asiye na viza hutozwa faini na hulazimika kumrudisha. Kumwonyesha karatasi ya tiketi ya pili kunaweza kumsaidia msafiri mwenye begi la mkononi tu, aliyekwisha kuchekini mtandaoni na kuwa na pasi yake ya kupandia, na hata hapo shirika ndilo linaloamua. Wewe mwenye kilo 20 za kuweka chini ya ndege huna njia hiyo.

Sasa hilo la "mwambie tu alitagi hadi mwisho." Niko kwenye kazi ya tiketi mwaka wa 17 huu, na hakuna sentensi inayoniumiza kama hiyo, maana anayeisema hayupo uwanjani mama wa watu anapolia na mabegi yake. Kutagi begi hadi mwisho wa safari si fadhila ya mhudumu. Ni lazima mashirika mawili yawe na mkataba wa kupokeana abiria na mizigo, na safari yote iwe imeandikwa namna ambayo mifumo yao inaitambua. Mashirika mengi ya bei nafuu yamekaa nje ya mikataba hiyo kwa makusudi, na sehemu ya unafuu wao inatoka huko huko: hakuna wa kumlipa ahamishe mabegi, hakuna ndege inayomsubiri abiria wa shirika lingine, hakuna hoteli ya kumlaza aliyekosa ndege. Umelipa pungufu kwa sababu hayo yote hayamo. Mhudumu hata akuonee huruma kama mama yake mzazi, hana kitufe cha kubonyeza.

Nisieleweke vibaya, ndege za bei nafuu nazipenda na ninaziuza. Fastjet ilipoanza kuruka hapa nchini Novemba 2012, kwenda Mwanza na Kilimanjaro, nauli ilitangazwa kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, na niliona watu waliozoea kulala njiani kwenye basi wakipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani. Ilikuwa safari ya mstari mmoja: unapanda Dar, unashuka Mwanza, unachukua begi lako unakwenda zako. Kwa safari ya namna hiyo, nunua ya bei nafuu bila wasiwasi, ilimradi umehesabu na mzigo. Na yapo mashirika ya bei nafuu yaliyoacha utaratibu wa kukaa nje ya mikataba. flydubai ilianza ushirikiano na Emirates mwaka 2017, na ukinunua tiketi moja inayobeba ndege za wote wawili, begi linakwenda hadi mwisho. Kwa hiyo tofauti kubwa iko kwenye tiketi: ni moja au ni mbili?

Kwako wewe mwenye biashara, kurudi ndiko kuzito zaidi. Viza ya kuingia mara moja utakuwa umeitumia ulipokwenda. Ukirudi kutoka Istanbul na mabegi, utatakiwa kuingia Dubai tena kuyachukua, na viza hiyo imeshakwisha. Halafu kilo. Kila shirika lina kikomo chake, kwa hiyo mzigo uliozidi utaulipia Istanbul kwa shirika moja, uulipie tena Dubai kwa jingine, na malipo ya uwanjani mara nyingi ni makali kuliko ya kununua kilo mapema mtandaoni. Nimewaona wafanyabiashara wakiacha suruali za jeans sakafuni mbele ya kaunta. Dola 180 hapo huwa zimeshasahaulika.

Na ndege ya Dar ikichelewa? Shirika la pili halikujui. Kwao wewe ni mtu ambaye hakutokea. Nauli imekwenda, na kwa mashirika mengi ukikosa kipande cha kwenda, hata cha kurudi hufutwa.

Kama tiketi hazirudishiki, cha kufanya ni kuomba viza ya Falme ya kuingia zaidi ya mara moja, au viza mbili za transiti, yaani za kupita tu (ziko za saa 48 na za saa 96, nazo huombwa mapema), kisha uulize gharama ya kusogeza ndege ya pili hadi siku inayofuata, kwenda na kurudi pia. Jumlisha na kulala. Kama zinarudishika hata nusu, rudisha leo. Turkish inaruka moja kwa moja kati ya Dar na Istanbul, Ethiopian inakupitisha Addis kwa tiketi moja. Linganisha bei ukishaweka kilo zako ndani, si kabla.

Hao vijana wa WhatsApp siwachukii wote, wapo wanaofanya kazi safi. Ila wengi wanauza wasichokijua, na wengine wanajua wananyamaza. Wanakutumia karatasi yenye herufi na tarakimu sita juu, wanaiita tiketi. Hiyo ni namba ya bukingi, na bukingi inaweza kushikiliwa bila kulipiwa, ikajifuta yenyewe wewe ukiwa unafunga mabegi. Tafuta namba ya tiketi. Kwa mashirika ya kawaida ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: Emirates 176, Ethiopian 071, Turkish 235. Namba za bukingi zinaweza kuwa mbili hata kwenye tiketi moja halali, kwa hiyo usizitegemee; angalia kama namba hiyo ya tarakimu 13 ni moja kwa ndege zote. Mashirika kadhaa ya bei nafuu hayatoi namba hiyo kabisa. Hapo ingia tovuti ya shirika lenyewe, weka bukingi na jina lako la ukoo, uone kama safari imelipiwa na imeandikwa mwisho wake wapi.

Na siku nyingine, kabla hujatuma hela, muulize muuzaji akuandikie kwa maneno yake: ndege ya kwanza ikichelewa, ni shirika gani litanipandisha ndege inayofuata bila kunidai nauli mpya? Akitaja jina la shirika, lipigie simu lithibitishe. Akikujibu kwamba ndege hiyo huwa haichelewi, usimtumie hata shilingi.