Uzito wa mjamzito: tazama mwendo wa wiki, si namba ya siku moja

"Kula mama, sasa mko wawili." Husemwa kwa upendo, lakini ushauri huu umewaponza wengi. Miezi 3 ya kwanza mwili hauhitaji chakula zaidi ya kile cha kila siku, ila kiwe bora. Kuanzia mwezi wa 4 nyongeza ni kama kalori 340 kwa siku, na miezi 3 ya mwisho kama 450. Hizo 340 ni glasi ya maziwa, yai la kuchemsha na ndizi mbivu moja. Basi. Soda ya nusu lita inabeba karibu kalori 200, na haina protini wala madini ya chuma ya kumfaa mtoto.

Kujua kilo unazopaswa kuongeza, chukua uzito wa kabla ya mimba, ugawe kwa urefu uliozidishwa kwa urefu, kwa mita. Mwenye kilo 62 na mita 1.60: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 62 kwa 2.56 ni 24.2. Yumo kati ya 18.5 na 24.9, yaani uzito wa kawaida, hivyo mimba nzima aongeze kilo 11.5 hadi 16. Aliye chini ya 18.5, kilo 12.5 hadi 18. Wa 25 hadi 29.9, kilo 7 hadi 11.5. Wa 30 kwenda juu, kilo 5 hadi 9. Mwenye mapacha ana viwango vyake, aulize kliniki.

Kilo hizo si mafuta matupu. Mtoto ana kama 3 na ushei. Zilizobaki ni kondo la nyuma, maji ya uzazi, mfuko wa uzazi uliokua, damu iliyoongezeka, matiti, na akiba ya kunyonyeshea. Kwa hiyo tafadhali, usijinyime chakula ili ukonde ukiwa na mimba, hata kama ulikuwa mnene.

Pima mara moja kwa wiki: asubuhi, umeshakojoa, hujala, nguo nyepesi, mizani ileile juu ya sakafu ngumu. Zulia hudanganya mizani. Ukipima kila siku utahangaishwa na maji na choo tu. Miezi 3 ya kwanza, nusu kilo hadi 2 kwa jumla zinatosha. Baadaye, mwenye uzito wa kawaida huongeza kama gramu 400 kwa wiki.

Uzito ukiruka ghafla, tuseme zaidi ya kilo 1 ndani ya wiki baada ya wiki ya 20, mara nyingi ni maji, si chakula. Uso na vidole vikivimba, kichwa kikauma bila kutulia, macho yakaona ukungu au maumivu yakashika chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali siku hiyohiyo ukapimwe presha na mkojo: hizo ni dalili zinazotangulia kifafa cha mimba. Anayetapika hadi kupoteza asilimia 5 ya uzito, yaani kama kilo 3 kwa yule wa 62, naye asisubiri tarehe ya kliniki.